Kifaa gani cha kusikia kwa ndugu mwenye ulemavu wa akili? Aina nne zikiwekwa pamoja

Mdogo wangu ana miaka 34 na ana sindromu ya Down. Kifaa chake cha kwanza cha kusikia tulikikuta ndani ya ndoo ya maji ya kupigia deki, siku ya tatu tangu kiingie nyumbani. Cha pili alikifukia kwenye chungu cha maua. Tukasema hataki, tukakifungia kabatini, na mwaka mzima ukapita tukimwita kwa kumgusa bega. Mpaka tulipompata mtaalamu mmoja wa usikivu ambaye, kabla ya kutuuliza lolote, alimmulika masikio na kutuonyesha kidonda mahali plastiki ngumu ya kifaa ilipokuwa ikimsugua. Mdogo wangu hana maneno ya kusema "hapa panauma". Alikuwa akisema kwa mkono wake, na sisi tukawa hatumwelewi.

Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu. Wauzaji hueleza vifaa hivi, ambavyo wengine huviita shime sikio, kwa nguvu zake, udogo wake na bei yake. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili kuna jambo linalotangulia hayo: kifaa kikimuudhi atafanya nini, na nani nyumbani atamwelewa? Kifaa cha kawaida kinachokaa sikioni saa sita kwa siku humsaidia kuliko cha kisasa kinacholala kwenye boksi.

Nimelinganisha aina nne ambazo familia huambiwa zichague kati yake: cha nyuma ya sikio, cha ndani ya sikio, cha mfupa kinachovaliwa kwa utepe kichwani, na kikuza sauti cha mfukoni chenye hedifoni.

Kabla ya kununua chochote

Watu wenye ulemavu wa akili hupungukiwa usikivu mara nyingi zaidi kuliko wengine, na mara nyingi hakuna anayegundua. Asipoitika tunasema mkaidi, au tunasema ndivyo alivyo. Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ambalo hupima masikio ya wanamichezo wake kupitia mpango wa Healthy Hearing, imekuwa ikikuta wanamichezo wengi walioziba masikio kwa nta, na wengine wenye upungufu wa usikivu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba wanao.

Kwa wenye sindromu ya Down, chanzo kiko kwenye umbile lenyewe. Tundu la sikio ni jembamba, nta hukwama humo, na mrija unaounganisha sikio la kati na koo haupitishi hewa vizuri, kwa hiyo ute hukaa nyuma ya ngoma ya sikio. Tena uziwi wa uzeeni huwajia mapema sana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, hushauri mtoto mwenye hali hii apimwe usikivu kila baada ya miezi 6 mpaka aweze kupimwa kila sikio peke yake na kuonekana anasikia sawasawa, kisha kila mwaka.

Usikubali kuambiwa kwamba hapimiki. Kuna kipimo kinachotumia kidude laini sikioni: kinatoa milio midogo na kunasa mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani, bila mpimwaji kujibu neno. Kipo kingine cha nyaya zinazobandikwa kichwani, kinachofanywa hata akiwa amelala. Na kwa anayeweza kufuata mchezo, mfundishe nyumbani kudondosha kitu ndani ya kopo kila asikiapo mlio. Sisi tulitumia kete za bao kwa wiki mbili, na siku ya kipimo alikaa dakika ishirini akidondosha kete kwa raha zake.

Kama sikio limeziba nta, lisafishwe kwanza na mtu anayejua kazi hiyo. Vijiti vya pamba huisukuma nta ndani zaidi. Kama linatoa usaha, litibiwe kwanza. Nimeona watu wakinunua kifaa kumbe walihitaji kusafishwa sikio tu.

Mizani niliyotumia

Kila aina nimeiuliza maswali yaleyale. Inasaidia upungufu wa namna gani? Mwili unaipokeaje: uzito wake, joto lake, kubana kwake, kuziba kwake? Ina hatari gani kwa mtu anayetia vitu mdomoni, anayeanguka kwa kifafa, au anayejipiga kichwa akikasirika? Mkono wa nani utaivalisha, na ni rahisi kiasi gani? Inadai matunzo gani kila siku na kila mwaka? Mwisho, inamfaa nani?

Bei sikuiandika kwa sababu hubadilika kutoka mji hadi mji na kutoka msaada hadi msaada. Ila ukiambiwa bei, uliza ya miaka mitatu: betri, sehemu za kubadilisha, na nauli ya kurudi kwa mtaalamu. Kifaa cha bure ambacho betri zake hazipatikani wilayani kwenu kinaweza kukugharimu kuliko cha kununua.

Cha nyuma ya sikio

Hiki ndicho kinachotolewa zaidi, na kina sababu zake. Mwili wa kifaa hukaa nyuma ya sikio, na mrija mwembamba hupeleka sauti kwenye kalibu, yaani kile kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio la mtu mwenyewe.

Kwa upande wa usikivu kina uwanja mpana kuliko vyote, kuanzia upungufu mdogo hadi ule mkubwa sana. Usikivu ukibadilika, mtaalamu hukirekebisha kwa kompyuta bila kununua kingine. Kwa mtu ambaye kipimo chake cha kwanza hakikuwa na uhakika sana, hiyo ni faida kubwa: unaanza kwa makadirio, kisha unasahihisha kadiri unavyomjua.

Mwili wake ndio unaoleta maneno. Wenye sindromu ya Down wengi wana masikio madogo na laini, kwa hiyo kifaa huinama na kuning'inia. Wengi pia huvaa miwani, na mkono wa miwani hugombea nafasi ileile. Dada anayevaa mtandio atasikia kitambaa kikikwaruza maikrofoni, na kifaa kinaweza kupiga mluzi kikifunikwa sana. Haya yote yana dawa: utepe wa kichwa, gundi maalumu ya pande mbili, kamba fupi inayoshikizwa kwa klipu kwenye kola. Lakini lazima mtu ayaulize mapema, maana hakuna atakayekueleza usipouliza.

Kalibu ndiyo roho ya kifaa hiki. Ya silikoni ni laini, inakaa vizuri, na ni salama zaidi kwa anayeanguka au kujipiga. Ya akriliki ni ngumu, lakini hudumu, husafishika kirahisi, na huingia sikioni kirahisi zaidi kwa mlezi mwenye mikono mizito. Mdogo wangu alipewa ya akriliki bila sisi kuulizwa. Kidonda nilichokitaja kilitoka hapo. Kalibu isipobana vizuri, sauti huvuja na kifaa kupiga mluzi, na mluzi huo huwaudhi wote mezani kasoro mwenyewe. Mtoto anayekua huhitaji kalibu mpya kila baada ya miezi michache. Mtu mzima hukaa nayo muda mrefu zaidi.

Hatari kubwa ni betri. Vifaa vingi hutumia betri ndogo za duara za zinki na hewa, ambazo zinaweza kumezwa, au kusukumwa puani na sikioni. Dai kifaa chenye mlango wa betri unaofungwa kwa kifunguo. Upo, na kwa mtu anayetia vitu mdomoni si anasa. Betri ikiingia sikioni au puani, usitie dawa ya matone wala maji, kwa sababu majimaji huharakisha kuungua. Nenda hospitali. Vifaa vya kuchaji, ambavyo betri yake imefungiwa ndani, hupunguza hofu hii sana, ila vinataka umeme wa kila usiku. Mahali umeme unapokatika kwa siku nzima, betri za kubadilisha hukuokoa. Kule Otse, Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza chaja ya jua kwa ajili ya betri za vifaa hivi, mafundi wake wakiwa viziwi. Ukiwa mbali na gridi, ulizia chaja za namna hiyo kabla hujakata tamaa.

Kuvalisha kunahitaji mazoezi. Kalibu ina mzunguko wake wa kuingia, na mlezi akikosea inakaa nusu nusu. Rangi husaidia: nyekundu sikio la kulia, buluu la kushoto.

Matunzo ya kila siku si mazito lakini hayana likizo. Futa kalibu, toa betri usiku, weka kifaa kwenye kopo linalobana lenye vidonge vya silika vya kunyonya unyevu. Sisi tuko Tanga, na jasho pamoja na hewa ya bahari huingiza maji kwenye mrija mpaka sauti inakata. Betri ya zinki ikishabanduliwa stika huanza kufa hata isipotumika, na nyingi hudumu wiki moja hadi mbili.

Halafu kuna jaribio la kila asubuhi, nalo naliona ni zawadi kwa lugha yetu. Daniel Ling, mtaalamu wa kuwafundisha watoto viziwi kusema, alichagua sauti sita zinazogusa masafa ya maneno, za besi hadi za juu: a, u, i, m, s, sh. Zote sita zimo katika Kiswahili. Simama nyuma yake asiuone mdomo wako, itamke kila moja kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka, anatabasamu au anairudia. Jana aliigeukia "s" na leo haigeukii? Betri, nta kwenye kalibu, au ute umerudi. Mtu asiyeweza kukwambia kifaa kimekufa anaweza kukuonyesha hivyo.

Kinamfaa mwenye upungufu wa kati hadi mkubwa, mtoto anayekua, na kila ambaye ana mlezi mmoja wa uhakika wa asubuhi. Kinamsumbua mwenye sikio linalotoa usaha mara kwa mara, na asiyevumilia kitu kuziba tundu la sikio.

Cha ndani ya sikio

Hapa kifaa chote kimo ndani ya ganda lililochongwa kwa umbo la sikio. Kinasaidia upungufu mdogo hadi wa kati, na vingine huenda mbele kidogo, lakini kwa upungufu mkubwa nafasi haitoshi.

Mwilini kina faida ambayo watu huidharau: hakuna kinachogusa nyuma ya sikio. Mwenye miwani, mwenye mtandio, au yule ambaye vidole vyake hurudi nyuma ya sikio kila dakika, huweza kukisahau. Wapo pia watu wazima wenye ulemavu mdogo wa akili wanaofanya kazi, wanaopanda daladala peke yao, na ambao hawataki kitu kingine cha kuwatambulisha. Matakwa yao ni ya kuheshimiwa kama ya mtu mwingine yeyote, na mlezi asiyaite maringo.

Ubaya wake ni wa kimaumbile. Tundu jembamba huenda lisikipokee kabisa. Nta huingia moja kwa moja kwenye mdomo wa sauti na kukizima, na tumeshasema nta ilivyo kwa watu hawa. Ganda ni gumu, kwa hiyo pigo la sikioni huumiza. Kifaa ni kidogo, na betri yake mara nyingi ni ndogo zaidi, vyote viwili ni rahisi kumezwa na rahisi kupotea. Mtoto akikua, ganda zima hutengenezwa upya, wakati kwa cha nyuma ya sikio hubadilishwa kalibu tu.

Kuvalisha ni rahisi kuliko unavyodhani: kitu kimoja, mwelekeo mmoja. Kuna watu wazima wanaoshindwa na kalibu na mrija wake lakini hiki wakakimudu wenyewe. Kinamfaa mtu mzima mwenye tundu la sikio la kutosha, asiyetia vitu mdomoni, na anayependa kujihudumia.

Cha mfupa, kwa utepe

Kifaa hiki hakipitishi sauti kwenye tundu la sikio kabisa. Kinatetemesha mfupa ulio nyuma ya sikio, na mtetemo huo unafika moja kwa moja sikio la ndani. Kwa watoto na kwa wasiotaka upasuaji, hushikizwa kwenye utepe laini unaozunguka kichwa.

Kinasaidia pale ambapo sikio la ndani ni zima lakini njia ya kufika huko imezibika: ute wa sikio la kati usiokauka, tundu jembamba mno au lisilokuwepo, usaha unaorudi rudi. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwa nini nimekipa nafasi kubwa. Ni matatizo yaleyale ya sindromu ya Down. Mwongozo wa 2008 wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba Uingereza, kuhusu ute wa sikio la kati ulielekeza kwamba watoto wenye sindromu ya Down wenye ute na upungufu wa usikivu kwa kawaida wapewe kifaa cha kusikia. Njia nyingine, upasuaji wa kuweka mirija kwenye ngoma ya sikio, ni mgumu zaidi katika matundu membamba. Lakini kama sikio la ndani nalo limechoka, kifaa cha mfupa hakitoshi, na hapo mtaalamu pekee ndiye atakayesema kwa kuangalia vipimo.

Mwili unakipokeaje? Inategemea mtu kuliko aina nyingine yoyote. Sikio linabaki wazi, halina joto wala mwasho, na kwa mwenye usonji asiyevumilia kitu sikioni hilo huweza kufungua mlango uliokuwa umefungwa. Ila utepe lazima ubane kiasi ili mtetemo upite, na wapo wasiovumilia kitu kichwani hata dakika mbili. Jaribu kwanza utepe mtupu, bila kifaa, kwa siku kadhaa. Usipovumiliwa, umejua kabla ya kulipa. Angalia ngozi kila jioni: alama nyekundu isiyopotea baada ya nusu saa ina maana umebana mno. Kipo pia cha kubandika kwa gundi bila utepe, kizuri kwa wengine, lakini kwa jua na jasho la Pwani gundi haikai kama inavyokaa kwenye nchi za baridi.

Usalama ni mzuri kwa sababu hakuna kinachoingia sikioni. Betri bado ni ile ndogo ya duara, kwa hiyo kufuli la mlango lidaiwe hapa pia. Anayelala chali au kuegemeza kichwa kwenye kiti cha magurudumu atasikia mkwaruzo, au kifaa kitasogea.

Mlezi huvalisha kwa sekunde chache, na walezi wanaopokezana zamu hawakosei sana, maana kila mtu anaweza kuona kama kiko mahali pake. Matunzo ni kufua utepe na kukausha kifaa. Ugumu uko kwenye kukipata: si kila kliniki inayo, na bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kifaa cha nyuma ya sikio.

Kuna cha mfupa cha upasuaji, ambacho skrubu ya titani huota ndani ya fuvu. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa Göteborg, Sweden, mwaka 1977. Sauti yake ni bora kuliko ya utepe, kwa sababu ngozi haipo katikati, na Marekani kimeidhinishwa kwa walio na miaka 5 na zaidi. Lakini chuma kinachotokeza kwenye ngozi kinataka kusafishwa kila siku, na kwa mtu anayechokonoa vidonda naona mwaka mmoja wa utepe ufike kwanza.

Kikuza sauti cha mfukoni

Ni kiboksi chenye maikrofoni, kitufe kikubwa cha sauti, waya na hedifoni. Hakipangwi kulingana na kipimo cha mtu. Kinakuza kila kitu kwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu wengi hawakiweki kwenye orodha. Mimi nakiweka, kwa sababu nimekiona kikifanya kazi mahali vingine vitatu vilishindwa.

Kinasaidia kwenye mazungumzo ya watu wawili, katika upungufu wa kati hivi. Nguvu yake ni umbali: unaweza kusogeza maikrofoni karibu na mdomo wa anayeongea, na sauti iliyo karibu hushinda kelele za nyuma. Kwenye chumba chenye watu kumi hugeuka kelele tupu.

Hedifoni za kufunika sikio huvumiliwa na watu wengi wanaokataa vitu vya sikioni, hasa kama wamezoea kusikilizia muziki. Zinavaliwa zikaonekana, zinavuliwa bila vita. Mwenye kifaa anaweza kujifunza kitufe kimoja. Betri zake ni zile za kawaida za kila duka, na nyingi ni kubwa vya kutosha kutomezwa kirahisi.

Hatari zake ni mbili. Waya unaweza kuzunguka shingo, kwa hiyo si kifaa cha kulalia wala cha kuachiwa peke yake mwenye kifafa. Na sauti ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kuumiza usikivu uliobaki. Bandika alama mahali pa mwisho pa kufikia, na uanze chini kila mara.

Kinamfaa mtu anayehitaji kusikia kwa vipindi: kwa daktari, darasani na mwalimu mmoja, kanisani karibu na anayemtafsiria, jioni na mama. Na kinamfaa kama daraja. Mdogo wangu alivaa hedifoni miezi minne, nusu saa kila jioni, taarabu kwanza kisha hadithi. Alipojua kwamba kitu masikioni huleta jambo zuri, tukarudi kwenye kifaa cha nyuma ya sikio, safari hii na kalibu ya silikoni.

Anapokivua, anasema nini?

Aina yoyote utakayochagua, kitavuliwa. Kabla ya kusema hataki, angalia lini na vipi. Akikivua papo hapo na kushika sikio, kinauma: tafuta kidonda, nta, kalibu iliyopinda. Akikivua boda boda ikipita au sufuria ikianguka, sauti ni kubwa mno, na mtaalamu anaweza kuishusha na kuipandisha polepole kwa wiki kadhaa. Akikivaa vizuri asubuhi na kukivua kila siku ifikapo saa nane mchana, amechoka, au betri imekufa na ameachwa na plagi sikioni. Akivua kimoja tu, mpeleke apimwe sikio hilo. Akikivua kwa mlezi mmoja na kukivaa kwa mwingine, mwangalie mlezi anavyovalisha.

Anza mahali tulivu, dakika tano, pamoja na kitu anachokipenda, na ukivue wewe kabla hajakivua yeye. Mtu aliyeishi miaka mingi bila sauti husikia kwa mara ya kwanza anavyotafuna, kelele za choo, feni. Mpe muda wa kuzizoea.

Kwa hali yako

Kama ni mtoto mwenye sindromu ya Down na ute wa sikio usiokauka, uliza kwanza habari za kifaa cha mfupa kwa utepe, na cha nyuma ya sikio kama njia ya pili. Nchini Kenya, vituo vya EARC vilivyoanza mwaka 1984 hupima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza. Mahali pengine anzia kwa daktari wa masikio, pua na koo wa hospitali ya rufaa.

Kama sikio la ndani ndilo lililopungua, na mlezi ni mmoja na wa kudumu, cha nyuma ya sikio kinafaa, silikoni, mlango wa betri wenye kufuli, kamba ya kola. Kama uziwi ni mkubwa mno hata hicho hakifiki, kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Unadai mazoezi ya miaka ya kusikia na kusema, kwa hiyo uamuzi wake uanze na kuuliza nani atayafanya.

Kama anaishi kwenye kituo chenye walezi wa zamu, kipaumbele kiwe kifaa kinachoonekana kikiwa mahali pake: cha mfupa, au cha nyuma ya sikio chenye taa ndogo inayowaka kikifanya kazi. Picha ya sikio lake likiwa limevalishwa sawasawa, ikibandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, huokoa maswali mengi.

Kama anatia kila kitu mdomoni, betri iliyofungiwa ndani, au iliyofungwa kwa kifunguo, itangulie sifa nyingine zote. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, tumia kikuza sauti cha mfukoni mkiwa naye.

Kama ameshakataa vifaa viwili au vitatu, usinunue cha nne. Rudi kwenye nta, ngozi na kipimo, halafu hedifoni za jioni.

Kama ni mtu mzima anayeanza kunyamaza, anayeacha kujibu, anayekaa peke yake kwenye harusi, mpime kabla ya kuamini kwamba akili yake ndiyo inayozeeka. Upungufu ukiwa mdogo na vidole vyake ni vyepesi, mwonyeshe cha ndani ya sikio na cha nyuma ya sikio, vyote viwili mkononi mwake, umwache avishike, avivae na kuvivua.

Na muulize rangi. Kalibu za silikoni hutengenezwa kwa rangi nyingi, na sisi hatukujua mpaka tulipoletewa sampuli. Mdogo wangu alichagua nyekundu kwa masikio yote mawili, kwa sababu ya Simba, kwa hiyo la kulia na la kushoto tunayatambua kwa alama ya rangi ya kucha. Mgeni akiingia nyumbani, yeye ndiye anayeinamisha kichwa ili zionekane.